Kabla Hujamchukua Korgi, Nikwambie Habari za Ndaga

Dodoma, Jumapili, tarehe 12 Januari.
Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Lufingo.

Atupele mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Hilo la afya naliruka kwanza, nitalirudia huko chini. Na aliyekuwa mbali siku zote ni mimi, si wewe. Kuanzia kesho tutakuwa mbali wote wawili, na mama yako atabaki na kuku.

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza, saa tisa mchana. Jumapili hatumwagi zege. Lusajo, mwenzangu wa hapa kambini, anapanda basi kesho alfajiri kwenda kumwona mke wake, na jioni atakuwa Mbeya. Wewe utakuwa umeshafika. Nimempa namba yako, atakukabidhi barua hii stendi. Isome kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku uliyosema Mama Sabina wa bekari unakokwenda kufanya kazi atakupa mtoto wa mbwa, korgi.

Sitakuambia ufunge mlango wala uwaamkie wenye nyumba. Mama yako ameshayasema hayo, na namjua, ameyarudia huku anakufungia ndizi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mbwa.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, nijue nini kabla sijamchukua? Si wewe ulimlea Ndaga?" Nikakujibu mtandao unakatika, nitakupigia. Mtandao haukuwa unakatika, Atu. Nilikuwa nakusikia wewe na kuku wa mama yako nyuma yako. Nilikwepa kwa sababu habari za Ndaga nilizokupa ulipokuwa na miaka minane si za kweli, na sasa unataka kumchukua mbwa kwa kuziamini.

Basi nianze mwanzo.

Unajua niliishia darasa la sita, na kazi niliyoipata ya kwanza yenye paa ni ile ya Tukuyu, kwa Mama Ingrid, yule mgeni mtaalamu wa maparachichi. Nilikata nyasi, nilipasua kuni, nilifungua geti. Siku moja akaja na kikapu, ndani yake mtoto wa mbwa mwekundu, kifua cheupe, masikio makubwa kuliko uso. Nilimtoa, nikamweka chini, nikangoja asimame. Kumbe alikuwa amesimama.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mzee Salim, fundi cherehani. Babu yake alitoka Pwani akahamia Tukuyu na vitambaa, na yeye akabaki na cherehani. Akaniita.

"Huyo ni mbwa au sungura?"

"Mbwa, mzee."

"Miguu yake iko wapi?"

"Inakuja."

Alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Lakini mimi sikusema kwa mzaha. Nilidhani kweli itaota. Nilingoja miezi mitatu.

Hilo ndilo la kwanza la kujua. Haioti. Korgi ni mbwa mzima, mwenye kifua na sauti ya mbwa mkubwa, aliyewekwa juu ya miguu ya kigoda. Mama Ingrid aliniambia kwao waliwafuga kwa kuswaga ng'ombe: anamuuma ng'ombe kisiginoni, na teke likija linapita juu ya kichwa chake. Kwa hiyo ule ufupi si ulemavu, ni kazi. Lakini mgongo wake ni mrefu, na unaning'inia katikati kama ubao wa jukwaa la ujenzi usio na mhimili. Kila kitu kibaya kinachompata korgi huanzia pale katikati. Mimi niliambiwa. Nilisikia, nikaitikia, nikaendelea na yangu.

La jina unalikumbuka nusu. Mama Ingrid alimpa jina la kwao ambalo hakuna mtu pale aliyeweza kulitamka mara mbili likafanana. Sasa unajua watu wetu. Anayepita getini akipewa kikombe cha chai anasema ndaga. Akipewa ndizi anashukuru zaidi, ndaga fijo. Mwuza maziwa, mleta mbolea, mama wa kanisani, wote ni ndaga, ndaga. Mbwa akasikiliza. Akagundua kwamba neno hilo likisemwa kuna chakula mkononi mwa mtu. Akawa analikimbilia. Mtu anashukuru, mara mbwa yuko miguuni pake, masikio wima, anamtazama kama mtu aliyeitwa. Wanacheka, wanamkatia kipande. Basi jina likawa hilo. Siku nzima watu wanashukuru, na siku nzima mbwa anaitwa mezani.

Wewe nilikuleta umwone likizo ya mwezi wa sita. Mlikuwa wanne uani, wewe na watoto wa jirani, na mvua ilikuwa imekatika. Mlipoanza kukimbia alizunguka nyuma yenu, akawasukuma kwa pua, akawagusa visigino kwa meno, mpaka akawakusanya wote kwenye kona ya tangi la maji kama ndama. Mmoja alilia. Wewe ulicheka ukamvunjia ndizi yako nusu. Kisha ukaniuliza, "Baba, huyu ni wetu?" Nikasema ni wetu kidogo. Njia nzima ya kurudi Lufingo ulikuwa unarudia: wetu kidogo, wetu kidogo.

Yule mtoto aliyelia, mama yake alikuja kesho yake na soksi ina tundu. Nalo hilo ulijue. Huyu mbwa haumi kwa ukali, anafanya kazi aliyozaliwa nayo, lakini mzazi mwenye mtoto anayelia hataki kusikia habari za ng'ombe wa Ulaya. Kwenye nyumba ya kupanga yenye watoto itabidi umfundishe mapema, tena kila siku, na kwa uvumilivu. Na anabweka. Anabwekea geti, pikipiki, jani la mgomba likianguka. Manyoya nayo hayaishi. Nilifagia asubuhi, adhuhuri yapo pale tena. Suruali zangu zote zilikuwa na manyoya mekundu, mama yako akadhani nimepata kazi ya kuchunga mbuzi. Na kwa tope letu lile la Tukuyu, tumbo lake lilikuwa linafagia njia. Usipomfuta tope likamkaukia, anapata vidonda. Kupe nao wanapenda pale chini ya kwapa.

Haya yote niliyaweza, Atu. Nisikudanganye, niliyapenda. Nilikuwa namwona yeye siku sita kwa wiki na wewe siku moja. Nilimsimulia mambo ambayo sikumsimulia mtu. Niliposhindwa nilishindwa kwa kitu kimoja, nacho ni kikombe.

Mama Ingrid alipokwenda kwao miezi mitatu aliniachia kikombe kidogo cha bati. Chakula cha mbwa kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Akaniambia, "Usimwongeze hata akikulilia. Na asipande wala kuruka vitu virefu." Nikasema sawa mama. Alipoondoka nikakitazama kile kikombe. Unajua kwetu. Mtu anayeishi nawe humpimii chakula. Mgeni akija Lufingo ukampimia, habari itafika kijiji cha Nkunga kabla yake. Nikaona huu ni ubahili wa kizungu, mnyama wa watu anafungishwa na mimi nipo. Kikombe nikakitia kwenye gunia la pumba nikawa nachotea kuku.

Nikamlisha. Nilichokula alikula: ugali na maharage, ndizi za kupika, mafuta ya nyama. Maparachichi yalikuwa yanaanguka yenyewe chini ya miti ya Mama Ingrid, naye anayafuata kama kuku anavyofuata mchwa. Mara mbili nilimtoa kokwa kooni kwa vidole. Na zile ndaga za getini hazikukatika. Akanenepa. Watu wakanisifu. "Umemtunza, baba Atu, mbwa amenawiri." Mwuza maziwa akasema mke wangu angekula vile ningekuwa mwanamume. Nilifurahi. Mtu aliyeishia darasa la sita hasifiwi mara nyingi.

Aliyeniambia ukweli ni mmoja tu, naye hakuwahi hata kumgusa yule mbwa. Mzee Salim alikuwa akimwona anakuja anakusanya kanzu yake magotini, kwa sababu ya sala. Siku hiyo aliniita nikadhani anataka kunionyesha kitambaa.

"Baba Atu, mimi kazi yangu ni viuno. Nakijua kiuno cha mtu akiwa bado barabarani. Huyo rafiki yako mwezi wa saba alikuwa na kiuno. Leo hana."

"Mbwa ana kiuno, mzee?"

"Mtazame kutoka juu, usimtazame ubavuni. Nyuma ya mbavu panatakiwa paingie ndani. Yeye sasa ni mto wa kitanda. Unamshonea nguo isiyomtosha, na nguo yenyewe ni mgongo wake."

Nikamjibu, "Wewe mzee umezoea kubana watu nguo, acha mwenzako apumue." Tukacheka wote. Kisha akaacha kucheka kabla yangu, nakumbuka hilo. Akasema, "Mimi siruhusiwi kumshika, wewe unaruhusiwa. Mshike basi."

Sikumshika. Nilikuwa na mchezo mwingine. Nilimfundisha kupanda toroli. Nilikuwa nikisomba mbolea, nikirudi mtupu anarukia ndani, namsukuma hadi getini, anashuka kwa kuruka, watu wanapiga makofi. Jumanne moja akaruka kama kawaida. Alipofika chini alitoa sauti moja fupi, kama mlango unaolia. Halafu akatembea, lakini miguu ya nyuma ilikuwa inapishana.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana unene na toroli ni ujinga, na ujinga husamehewa. Jioni ile Mama Ingrid alipiga simu kutoka kwao. Akauliza, "Ndaga hajambo?" Nikasema, "Hajambo, mama. Ananenepa tu." Nilikuwa nimempakata mbwa mapajani wakati nasema. Niliogopa kazi. Niliogopa pia aibu, kwamba nilipewa mbwa na kikombe, kikombe kikanishinda. Nikamkanda kwa maji ya chumvi Jumatano. Nikamkanda Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuja kwenye mlango wa jikoni akijivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata kama kamba. Alikuwa amesikia mtu anashukuru.

Nikamtia kwenye kanga ya mama yako, nikambeba mpaka kwa bwana mifugo mjini. Alimbonyeza mgongo, akachoma vidole vya nyuma kwa sindano, mbwa hakugeuka. Akaniuliza ilianza lini. Nikasema jana. Akambonyeza tena mgongo. Nikasema Jumanne. Akasema pingili imebana mishipa, na mbwa wa namna hii siku ya kwanza ni tofauti na siku ya nne. Labda angekaa bila kusogea, akapewa dawa, angeinuka. Labda. Ile labda ninayo mpaka leo.

Mama Ingrid aliikatisha safari, akaja. Nilijiandaa kufukuzwa. Hakunifukuza, hakupaza hata sauti. Alikikuta kikombe kwenye gunia la pumba, akakisafisha kwa kidole, akasema, "Najua ulimpenda." Ningependelea anitukane. Wiki ile bwana mifugo alikuja nyumbani na sindano ya kumpumzisha. Mama Ingrid akaniuliza nani amshike. Nikamshika mimi. Mbwa alikuwa ananitazama. Nilitaka kumwambia kitu, na kwa kuwa sisi tukimshukuru mtu tuna neno moja tu, nikalisema. Ndaga.

Masikio yakasimama, Atu. Alidhani kuna chakula.

Wewe wiki iliyofuata uliniuliza yuko wapi, nikakwambia amepanda ndege na Mama Ingrid kwenda Ulaya, anaishi na ng'ombe. Ukafurahi sana. Ukamchora kwenye daftari yuko dirishani mwa ndege. Kila nilipolifungua daftari lile nikasema nitamwambia akikua. Umekua, na kesho unaondoka, na nimekwambia. Nisamehe. Kama utanikasirikia, kasirika, lakini kasirika ukiwa unajua.

Sasa la Jumamosi. Sisemi usimchukue. Mimi si mtu wa kumkataza mwingine korgi. Ila chumba chako kipo juu, umesema ngazi kumi na sita. Hizo ngazi ni toroli langu. Itabidi umbebe kupanda na kushuka kila siku, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa, na wanaishi miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Bekari unaingia alfajiri. Nani atakuwa naye mpaka mchana? Mbwa huyu akikosa kazi anajitafutia, na kazi yake ya kwanza itakuwa kubweka mpaka mwenye nyumba aje, ya pili itakuwa viatu vyako. Anataka kutembezwa asubuhi na jioni, hata kukiwa na ukungu. Anataka chanjo kwa wakati wake. Kuhusu kikombe nimeshasema.

Mwombe Mama Sabina mambo mawili. Amtoe mbwa aliyemzaa yule mtoto, atembee mbele yako, umwone miguu ya nyuma na umwone kutoka juu. Halafu umwombe akutunzie mtoto mpaka upate chumba cha chini. Akikubali, utakuwa unakwenda kumwona baada ya kazi. Akikataa akampa mwingine, utalia siku mbili. Siku mbili zinapita. Mimi ninayoyajua hayakupita.

Ukimchukua, usimpe jina la Ndaga. Najua ulitaka kufanya hivyo, mama yako ameniambia. Mpe jina lisilosemwa mezani.

Nilisema nitarudi kwenye afya. Mama yako akinipigia kila Jumatano anauliza hujambo, nasema sijambo, nanenepa tu. Si kweli. Mgongo wangu unauma tangu mwezi wa kumi na moja, pale chini kabisa, na asubuhi nyingine mguu wa kushoto unakufa ganzi mpaka nianze kutembea. Nilikuwa najikanda kwa maji ya chumvi. Uliponiuliza habari za Ndaga ile juzi, nilikata simu nikakaa hapa kwenye ndoo. Jana nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia. Alinuna, akasema mbona hukusema mapema, lakini amenitoa kwenye zege, kesho naanza kukunja nondo nikiwa nimekaa. Jumatano hii mama yako akiuliza nitamjibu anavyostahili kujibiwa. Wewe usimtangulie. Na wewe nikikuuliza, usiniambie unanenepa.

Lusajo ameanza kufunga mzigo, anaulizia kama barua imekwisha au ni kitabu. Ghorofa hili tutalifunika mwezi wa tatu mwishoni. Natarajia kuwa njiani kabla ya Pasaka. Nitapitia Mbeya kwako kwanza kisha niende Tukuyu, halafu Lufingo. Kama yupo mbwa mlangoni, niwie radhi, nitamtazama yeye mgongoni kabla sijakuamkia. Na kwa mara ya kwanza tangu niitwe baba, nitafika kwa mwanangu mikono mitupu, sina hata ndizi moja mfukoni ya kumvunjia mbwa.

Baba yako.